Ini Ndani ya Mkate

Yakobi, Njombe
9 Julai 2024

Mdogo wangu mpendwa Konsolata,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Natumaini umzima huko Mawengi, na kwamba goti lako sasa linakubali kile kilima cha kanisani. Huku baridi ni ile ya Julai. Ukungu hauondoki mpaka saa nne, nami sitoki kitandani mpaka uondoke. Mwandiko utauona umepinda. Ni mkono, si akili.

Mwezi uliopita mjukuu wetu Janeth alinipeleka Makambako kupimwa moyo. Daktari alianza kumnong'oneza yeye, nikamwambia kwamba nimefundisha miaka thelathini na minong'ono yote naisikia. Basi akasema wazi kwamba moyo umechoka, na nikifika Krismasi nimshukuru Mungu. Habari hiyo nimeipokea kwa utulivu. Usilie, soma kwanza.

Tulipotoka, Janeth alisema haturudi Njombe na njaa. Akanipeleka supamaketi moja yenye ukumbi wa kulia chakula, meza za plastiki katikati na wauzaji pembeni. Mmoja wao, dada anayeitwa Pendo, huuza mkate wa Kivietinamu, ujuzi alioupata hotelini Dar es Salaam. Nilisema sina nia ya kuvuka bahari uzeeni. Janeth akanicheka, akasema bei yake ni ya sahani ya wali maharage, kwa hiyo Vietnamu yenyewe haiko mbali. Pendo naye akauliza, kwa heshima zote, kama babu ana meno. Nikamjibu kwamba yapo saba na yote yako kazini.

Mkate ni mrefu, na ganda lake likivunjika hulia kama kuni kavu. Ndani mna karoti zilizolowekwa kwenye siki, tango, majani ya giligilani, pilipili na vipande vyembamba vya nguruwe. Na chini ya vyote hivyo limepakwa ini lililosagwa. Nilitafuna mara mbili nikaacha. Janeth alidhani pilipili imenizidi, akakimbilia maji. Haikuwa pilipili. Ini ndani ya mkate mgumu nilikuwa nimelila mara moja tu maishani.

Konsolata, unakumbuka mwaka 1963, siku Xaveri alipokuja na wazee wake kukuposa. Unajua kawaida ya nyumbani kwetu: mposaji huchinja mbuzi mwenyewe, hulichoma ini, na baba mkwe hupelekewa likiwa zima. Baba alifunua bakuli akakuta mafuta tu. Xaveri aliapa kwamba aliliweka pale jikoni kwa mikono yake. Baba akasema anayekula ini la mkwe siku ya posa, siku ya njaa atamla mke. Wakafukuzwa. Tangu hapo jina lake likawa Mla Ini. Watoto walimwita hivyo njiani. Nawe mwaka juzi, kwenye matanga ya jirani yetu Dorosela, uliniambia kwa kicheko kwamba hadi leo humsalimii, na kwamba Mungu alikuepusha na mlafi.

Ini lile nililila mimi.

Nilikuwa nimetoka seminari kwa miguu siku mbili, nikaingia kwa mlango wa nyuma, ninyi nyote mko barazani. Kwenye mkoba nilikuwa na mkate wa misheni uliokauka. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikujua ini ni la nani. Lakini ngozi ya mbuzi ilikuwa imewambwa uani, mbichi. Nilijua. Nilikusudia kipande kidogo tu. Nilipokikata nikaona ini si zima tena, basi nikalitia lote ndani ya mkate, nikala nimesimama. Huko barazani Baba alikuwa akiwaambia wageni kwamba mwanawe atakuwa padri. Alipofunua bakuli nikanyamaza. Upadri wenyewe, kama ujuavyo, niliuacha mwaka uliofuata.

Wewe ukaolewa na Anthony. Habari zake sitaziandika. Ni marehemu, na mgongo wako unazijua kuliko kalamu yangu.

Sikuombi unisamehe haraka kwa sababu ninakufa. Ninachoomba ni kingine. Xaveri nimemwandikia barua kama hii, na yake nimeituma kabla ya yako, kwa kuwa yeye ndiye aliyelibeba jina langu miaka sitini na moja. Janeth aliyempelekea anasema mzee alisomewa na binti yake, kisha akauliza jambo moja tu: kama ini lilikuwa limeiva, maana siku ile alilichoma huku mikono ikimtetemeka.

Ukimwona Jumapili baada ya misa, msalimie kwa jina lake la ubatizo. Umwambie lilikuwa limeiva vizuri.

Binti yako Oliva na watoto wake wape salamu zangu. Janeth anakupa shikamoo.

Ni mimi kaka yako,
Tarsis