Udongo wa Mteremkoni Hauchimbwi

Nyambureti,
Serengeti, Mara.
14 Mei 2024.

Mpendwa kaka Machage,

Shikamoo kaka. Habari za Muheza? Wifi Eliza mguu wake umepona, au bado anachechemea? Sisi huku ni wazima. Mama kifua kilimsumbua mvua zilipoanza, lakini sasa anakwenda kisimani mwenyewe na anagombana na kuku kama zamani.

Barua hii anakuletea Abednego wa mama mdogo, anayekuja Tanga kikazi. Mara ya mwisho nilikukatia simu kwa hasira, na hilo naomba unisamehe. Lakini ulivyoniambia nikubali tu shamba lichimbwe, hilo bado sijakusamehe wewe. Nisome mpaka mwisho.

Unajua shamba la mteremkoni lilivyokuwa mume wangu Sylvester alipofariki. Mahindi ya njano, magugu ya viduha yamejaa maua ya zambarau yananyonya mizizi, mvua ikinyesha mara moja tu rutuba yote iko mtoni. Shemeji Wangwe akatangaza kwamba ardhi ya marehemu kaka yake imekufa, akampa mchoma matofali mmoja aichimbe. Hakuniuliza. Nilisikia kwa watu sokoni.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaanza kazi yangu. Bibi shamba wetu, Luciana, alinifundisha kupima mteremko kwa miti mitatu iliyofungwa pamoja, na jiwe linaning'inia katikati kwa kamba. Nikachimba mitaro ya kukinga maji, udongo nautupa upande wa juu, na juu ya tuta napanda majani ya tembo. Miezi minne, kaka, mimi na binti yangu Ghati peke yetu. Wapita njia wakawa wananiuliza nachimba kaburi la nani. Nikawa nawajibu, la njaa.

Kati ya mahindi nikapanda mbaazi na fiwi, yale maharage yanayotambaa. Mabua sikuyachoma, niliyaacha yafunike ardhi. Na baada ya kuvuna nikakataa ng'ombe wasiingie. Hapo ndipo nilipochukiwa kweli kweli, maana kwetu shamba likishavunwa ni la ng'ombe wa kila mtu.

Basi Jumanne moja ya Februari wachimbaji wakaja na sururu, makoleo na matoroli. Walianzia kona ya chini. Ghati akaja mbio kuniita, na nilipofika shimo lilikuwa limeshafika magotini na toroli kadhaa za udongo zimeondoka. Nikashuka humo ndani nikakaa chini.

"Mama, toka tufanye kazi," mmoja wao akasema. "Tumeshakubaliana na mwenye shamba."

"Mwenye shamba ndiye huyu aliyekaa miguuni pako. Ukitaka udongo huu, anza kunichota mimi."

Wakamwita Wangwe. Alikuja amevimba. "Shemeji, unaniaibisha mbele za watu. Udongo umechoka huu! Utakula nini hapa?"

"Umechoka kwa sababu tumeula miaka thelathini bila kuurudishia hata kikapu cha samadi," nikamwambia. "Na wewe ukichoka, tukuchome uwe tofali?"

Watu walicheka, kaka, hata wachimbaji wenyewe. Wangwe hakucheka. Jirani yangu Waisiko akashuka shimoni na jembe lake, akakaa pembeni yangu, na nyuma yake wanawake wengine wawili. Tulikaa hapo mpaka jua la mchana likawa kali, na wale vijana wakafunga vyombo vyao wakaondoka. Usifikiri sikuogopa. Nilijua nikisimama nitakimbia, ndiyo maana nilikaa.

Wangwe akanipeleka baraza la ardhi la kijiji. Sikujitetea kwa maneno mengi, niliwaomba tu waje shambani siku mvua kubwa ikinyesha. Wakaja Aprili, asubuhi, mvua bado inadondoka. Kwenye mashamba ya jirani maji yalikuwa yanashuka mekundu kwa kasi. Kwangu mitaro ilikuwa imejaa, maji yametulia yanazama polepole. Mzee Batholomeo, mwenyekiti, akaingiza mkono chini ya fiwi, akatoa udongo mweusi wenye nyungunyungu, akaunusa. Akamgeukia Wangwe: "Hii ndiyo uliyosema imekufa?"

Baraza likaamua shamba ni langu na watoto wa Sylvester, na hakuna wa kulichimba.

Sikushinda yote. Ile kona ya chini udongo wake wa juu ulishakwenda, nami sitauona tena. Nimejaza taka na samadi mle shimoni nikapanda migomba. Viduha bado vipo, ila vimepungua. Shemeji hajanisalimia tangu siku ile. Mkewe, Mogesi, alipita nyuma ya nyumba kuniomba mbegu za mbaazi. Nikampa, nikamwonyesha na jinsi ya kuzipanda.

Sasa twende kwako. Umesema miti yako ya mpira haitoi utomvu kama zamani, unataka kuikata yote uchome mkaa. Mpira siujui, hata mti wake sijawahi kuugusa. Lakini wewe mwenyewe ulijisifu kwamba chini ya miti unafagia na kuchoma majani mpaka pang'ae kama uwanja, na tangu bei ianguke unaigema kila siku. Mti utatoa nini, kaka? Luciana anasema uupumzishe siku mbili tatu kabla ya kuukata tena gome, na majani yaache yaoze palepale. Abednego ana mfuko wa mbegu za fiwi. Zipande kati ya mistari, pale jua linapofika. Na kama umeshanunua shoka, lirudishe dukani. Umri wa mtoto wako wa kwanza ndio umri wa miti hiyo, halafu uimalize kwa wiki moja?

Msalimie sana wifi Eliza na watoto wote. Mama anakusalimu, Ghati anakuamkia, na Waisiko anasema ukija utamkuta bado yuko pembeni yangu na jembe lake. Mungu ainyweshe mizizi ya shamba lako, na mikono yako isikose kazi.

Mimi hapa sihami, na udongo wangu hauhami.

Wako akupendaye,
dada yako mkaidi,
Boke.