Upepo Shavuni

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi nimepata nafuu. Humu wodini wageni na simu marufuku, kwa hiyo mkweo ndiye tarishi wetu. Umepata mjukuu wa kike, Baba. Kaja miezi miwili kabla ya wakati, na mapafu yake hayafunguki. Mashine inamsukumia hewa. Naogopa sana.

Mwanao

4 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Pole na hongera. Mgongo ni ule ule. Nimejaza upepo matairi ya baiskeli miaka thelathini, lakini hili silielewi: hewa ikishaingia, inafikaje kwenye damu? Kama kuna tundu, mbona damu haimwagiki? Na huko kutofunguka, mpira wa ndani usiotiwa poda hugandana kuta, utapiga pampu mpaka mkono ufe ganzi. Hao madaktari hawana poda? Msalimie mchumba wangu.

Baba yako

5 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimemsomea muuguzi barua yako. Alicheka. "Mzee kasema kweli," akaniambia.

Mapafu si mfuko mmoja. Ni vifuko vidogo kuliko punje ya chumvi, mamilioni kwa mamilioni. Vya mtu mzima ukivitandaza vinafunika nyumba yetu na ua wake. Mwili hutengeneza utelezi ili kuta zisigandane, na huyu katoka kabla hajatengeneza wa kumtosha. Dawa ipo. Leo mchana wataidondosha ndani kwa mrija.

Na tundu hakuna, Baba. Ukuta ni mwembamba mno, hewa inaupenya bila kuutoboa. Damu inafika imeingia weusi, inaacha hewa chafu, inachukua safi, inaondoka nyekundu, na sekunde haijaisha. Nimejishika kifua nikashangaa. Miaka yote hii nayafanya haya hata nikiwa usingizini.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Siku nne mumeo hajapita. Dawa imefanyaje? Nimefunga kibanda changu cha baiskeli. Kila nikishika pampu namfikiria mchumba wangu.

Baba yako

2 Aprili

Mchumba wangu,

Mama yako atakusomea. Hujambo? Mimi mzima, tangu jana mliporuhusiwa kutoka nikakupakata. Nilikusogeza shavuni, kama ninavyotafuta pancha. Miaka thelathini, upepo ukinigusa shavu najua kuna kilichoharibika. Jana upepo wako ulinigusa, ukakatika, ukanigusa tena. Nililia mbele ya wauguzi, na sikutafuta kiraka.

Babu yako