Bebe Atapata Jina Ziwani

Katoyi, Goma, 11 Julai 2021

Mwanangu Honoré,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Bukavu inakutunzaje? Kile kikohozi cha vumbi la mbao kimekuachia? Sisi wazima. Mkeo Bénita ananyonyesha vizuri, na Apolline wako ana miaka minane na mdomo wa miaka arobaini. Goti langu linauma, lakini halinizuii kutembea, kwa hiyo tuliache.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ukichoka unanikatia. Barua huwezi kuikata. Charline, yule anayeuza vidagaa vya sambaza, anapanda boti kesho. Nimemwambia asimame hapo karakanani mpaka umalize kusoma.

Binti yako ana wiki sita na hana jina. Kwenye karatasi ya kuzaliwa, kule Sake tulikokimbilia, muuguzi aliandika "Bébé Bénita," maana siku ile mji mzima ulikuwa barabarani unakimbia, nani angekaa kuuliza? Siku ya nane, ambayo kwetu ndiyo siku ya jina, tulikuwa bado tumelala kwenye darasa la shule pamoja na familia nyingine kumi na moja. Volkano ilichukua nyumba yenu ya Munigi. Sawa, ilikuwa njiani mwake. Siku ya jina ya mjukuu wangu haikuwa njiani mwake, na hiyo nitaidai.

Ila hapa siwezi kuifanya. Au umesahau desturi? Watoto wanalima kidogo, wanakula, kila mmoja anampa mtoto jina, halafu baba anasema la mwisho. Sasa hapa Katoyi watalima nini? Kiwanja cha nyumba tuliyopanga ni jiwe tupu la moto wa zamani. Ukipiga jembe linatoa cheche.

Kwa hiyo tutakwenda ziwani. Lile ziwa la juu kule Masisi, ambako marehemu baba yako alikuwa akinywesha ng'ombe wake, na siku hizi vijana wa Goma wanapanda Jumapili kuogelea na kupiga picha. Udongo wa pale unameza jembe mpaka mpini. Tutaondoka asubuhi na kurudi jioni, familia yote. Wewe njoo na jina.

Mama yako,
Mukamugema


Bukavu, 17 Julai 2021

Mama mpenzi,

Nakusalimu sana, na pole na goti. Tafadhali usibebe bidoni za maji, Apolline ameshakua. Kikohozi kimepungua.

Mama, ziwani hakuna mtu wa nyumba yangu atakayekwenda. Ardhi ya huko imepasuka mbele ya macho yenu. Siku nne nilipiga simu ya kila mtu ninayemjua na hakuna aliyepokea. Siku nne, Mama. Nilikuwa nimeshawazika wote kichwani mwangu. Halafu unataka nikubali mpande tena milimani kwa ajili ya kucheza na majembe?

Nimepata chumba cha pili hapa Kadutu. Bénita na watoto wapande boti waje. Na wewe pia, usianze kubisha.

Na kama shida ni udongo tu, basi udongo nimekutumia. Gunia zima, mwekundu, hauna jiwe hata moja. Umwageni kiwanjani, watoto walime humo, mambo yaishe.

Mtoto wako,
Honoré


Katoyi, 25 Julai 2021

Honoré,

Amani kwako. Mbavu ndizo zinazoniuma sasa, kwa kucheka.

Gunia lako lilifika. Bandarini walimzuia Charline. «Mama, iko nini ndani?» «Iko udongo.» «Udongo ya kufanya nini?» «Ya kupatia mutoto jina.» Waliumwaga wote chini wakitafuta ulichoficha. Walipokosa kitu waliurudisha kwa koleo, na mmoja alimpa Charline pole kwa sababu ya jamaa aliyemtuma.

Nimepanda mboga za lengalenga humo. Zinaanza kuota, asante. Lakini mjukuu wangu si lengalenga, haanzii maisha kwenye gunia.

Unaniambia ardhi hii inachoma. Mimi ndiye wa kuambiwa? Mwaka wa 2002 tulikimbia, wewe umebeba godoro kichwani na unalia kwa sababu ya mbwa wako. Tukarudi jiwe likiwa bado na joto. Baba yako alifanya nini? Alilivunja jiwe lenyewe, akajengea ukuta. Mlima ulitupa mawe, sisi tukaishi ndani yake. Leo unataka nihame kwa sababu mlima umerudia mchezo uleule? Siendi Bukavu. Bénita nimemuuliza, naye anasema haendi mahali ambako hajaitwa na mume bali na woga wa mume. Hayo ni maneno yake, mimi nimeyapenda tu.

Siku ni Jumamosi, tarehe 4 Septemba. Hitimana, yule dereva wa lori, atatuchukua na kamio lake linapopanda kufuata fromaji, jibini ya Masisi, na viazi. Uje mwenyewe, au utume jina. Chagua moja. La kukataa sikukuwekea.

Mama yako


Bukavu, 15 Agosti 2021

Mama,

Natumaini mko salama. Mimi mwili ni mzima.

Nilianza barua hii mara tatu. Sina jina la kutuma, na nitakuambia kwa nini, kisha uniache.

Nilimwahidi Bénita kwamba ningerudi Ijumaa, kabla ya Jumamosi ile moto ulipotoka. Tumbo lake lilikuwa limeshuka, nililijua hilo. Lakini nilikuwa na milango ya kumalizia, nikasema nitapanda boti Jumatatu. Milango, Mama. Yeye akakimbia na tumbo lile, mkono mmoja umemshika Apolline, akazaa Sake mikononi mwako. Mimi nilikuwa hapa napiga randa.

Mtu ambaye hakuwapo anatoa jina gani? Mpe wewe. Wewe ulikuwapo.

Na bado nasema msiende.

Honoré


Katoyi, 22 Agosti 2021

Mwanangu,

Nakusalimu, na safari hii nakuuliza hali kwa kweli, si kwa mazoea: unakula? Unalala?

Sitampa. Mimi ni bibi, nafasi ya baba si yangu hata uniachie mara mia. Ulikosea. Milango ile naitakia bawaba zake zilie maisha yao yote. Lakini kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, na tarehe 4 unataka kulirudia lilelile, umekaa na randa yako wakati mtoto anakungoja.

Tumeshaanza kujitayarisha. Bénita amepata marmite, sufuria kubwa ya maharage. Jirani anatuazima mikeka. Apolline anajifunza kulima kwenye gunia lako na ameniulia lengalenga zote. Kamio linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nafasi ya mbele, kando ya Hitimana, ni yako. Nimekataza mtu kuikalia.

Mama yako


Katoyi, 6 Septemba 2021

Honoré,

Salamu. Sisi wazima, tumerudi wote, hakuna aliyemezwa na ardhi.

Nafasi ya mbele ilikwenda tupu. Hitimana aliniuliza mara mbili kama nipande mimi, kwa ajili ya goti. Nilikaa nyuma na majembe.

Kwenye barieri ya barabarani askari alituangalia. «Munaenda wapi na majembe na marmite?» Kabla sijafungua mdomo Apolline akamjibu, «Tunaenda kulima jina.» Askari alicheka, akainua kamba.

Ziwa liko palepale. Maji meusi pembeni na ya kijani katikati, nyasi mpaka kando. Vijana wa Goma walikuwepo na simu zao. Watoto wa wachungaji walipoona majembe walikuja wenyewe, wakawa tisa pamoja na Apolline. Walilima. Udongo ule, Honoré! Nilichukua kidogo nikanusa kama mwendawazimu. Mvua ikaja, vijana wa picha wakakimbilia chini ya miti, sisi hatukusogea hata hatua. Bénita alivua viatu akaingia majini mpaka magotini, na mvua ikimpiga usoni akacheka. Tangu mwezi wa tano sikuwa nimemsikia akicheka.

Watoto walikula maharage na fromaji, wakatoa majina. Mmoja alisema «Fromaji». Mwingine alisema «Volkano», nikamfinya. Mwisho Apolline akasimama juu ya kipande alicholima mwenyewe. «Jina yake Turihano.» Nikamuuliza kwa nini. Akasema, «Sababu batu banatuulizaka kila siku tutaenda wapi. Turi hano. Tuko hapa.»

Kisha ikawa zamu ya baba. Nilitandaza koti lako la zamani kwenye mkeka, na watu wote wakanitazama. Kinywa kiliniwasha. Zamu yako sikuichukua. Nililia, sikufichi, na nililia kwa hasira. Mjukuu wangu amerudi Katoyi na majina tisa ya watoto na hana hata moja la baba yake. Bado tunamwita Bebe.

Kipande kile tulikipanda maharage. Bado tuko hapa, uje usije.

Sitaandika tena. Zamu ni yako.

Mama yako


Bukavu, 17 Septemba 2021

Mama,

Nakusalimu kwa heshima. Goti halijambo? Mimi nimelala vizuri jana, mara ya kwanza tangu mwezi wa tano.

Turihano. Ndilo jina. Apolline alilitoa, na mimi baba yake nasema ndilo la mwisho. Nimelisema kwa sauti hapa karakanani, kwanza peke yangu, halafu mbele ya Charline, awe shahidi.

Habari ya milango usimwambie Bénita. Nitamwambia mwenyewe, nimesimama mbele yake.

Napanda boti Jumapili. Kazi zilizobaki nimemwachia mwenzangu, hata zile zenye haraka. Jumamosi inayofuata maharage yatakuwa na wiki tatu, yatataka palizi. Hitimana akipanda, nafasi ya mbele mpe Bénita na mtoto.

Mimi nitakaa nyuma na majembe.

Baba Turihano