Jenereta Moja ya Takaba

Hooyo, mama yangu,

Nimefuta jenereta, na sijutii.

Ulipotuacha nilikuwa bado napokea barua pale ofisini Garissa. Sasa kazi yangu ni kuunganisha hesabu. Kila idara na kila halmashauri ya mkoa huleta zake, nami nazifanya kuwa hesabu moja ya serikali. Idara ya maji iliandika kwamba ina jenereta ya kisima kule Takaba. Halmashauri nayo ikaandika hivyo hivyo. Ni ileile, Hooyo! Idara ilitoa fedha, halmashauri ikaenda kununua. Ukijumlisha bila kutazama, Takaba ina mbili. Hiyo moja imekufa, na watu walipoomba nyingine walijibiwa: mnayo ya pili, itumieni.

Nikamkumbuka ngamia wa Abti. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo yetu, Abti, kaka yako, akakuazima jike mwenye maziwa. Jirani akakusifu, "Mashallah, siku hizi mna ngamia." Ulimjibu ukiwa unakamua, hukugeuka hata: "Huyu ni wa kaka yangu. Yeye akimhesabu, nami nikimhesabu, atazaliwa ngamia wa maneno. Nani atamkamua huyo?" Niliona aibu. Nilitaka jirani aamini tuna mali.

Chuoni walinifundisha jambo hilohilo kwa maneno marefu. Nililielewa upesi kwa sababu nilikuwa nimekwisha kulinywa.

Mkubwa wangu alicheka. "Binti, jumlisha tu. Kwani umeolewa na hicho kisima?" Ofisi nzima ikacheka naye. Halima, ambaye meza yake iko karibu na yangu, alininong'oneza, "Walaal, dada yangu, nyamaza. Watakuhamisha wewe." Kisha nikapiga mstari juu ya jenereta ya pili, nikaandika pembeni sababu na jina langu kamili, kuanzia lile ulilonipa wewe. Mkubwa alikataa kutia saini. Nakala nikaipeleka mwenyewe kwa wakaguzi.

Halima alisema kweli. Wamenihamishia Wajir, wakidhani wananizika.

Waache wadhani. Kutoka Wajir nitapanda lori la mizigo hadi Takaba, niiguse hiyo jenereta iliyokufa, niandike nilichokiona kwa macho yangu. Wakinihamisha tena, nitahesabu huko nako.

Nyumba yetu ya mtaa wa Waberi nimemwachia Abti. Chombo chako cha maziwa nimekifunga ndani ya shuka; bado kinanukia moshi. Nilipokifungua jana nilikunusa wewe... basi, Hooyo, mengine nitakuambia siku tutakapoonana.

Mungu akupanulie kaburi. Nakuahidi hili moja: maadamu kalamu iko mkononi mwangu, hakuna atakayewaambia watu wenye kiu wakamue ngamia wa maneno.

Binti yako,
Sahra