Mama Yetu, Uliyetazama Upande wa Tufe

Mwaka umetimia, Mama, tangu ututoke. Mikate yako bado inaokwa, maana dada mkubwa ameshika tanuri. Wateja wanasema mkono anao ila masihara yako hana, naye anakubali.

Ulikuwa na unga hadi viwikoni kila tulipokutafuta. Ulicheka utani wako mwenyewe kabla hujaumaliza, nasi tukacheka bila kujua tunachekea nini. Na aliyeingia dukani hana kitu ulimpa mkate mzuri kabisa, ukamwambia umepinda, hauuziki, hebu akusaidie kuuondoa.

Kitinda mimba wako, binti uliyempachika jina la Nguzo, alikuwa na mwili tangu utotoni. Wenzake walimwita Gunia. Siku moja mwalimu alikuita shuleni, akakushauri umpunguzie chakula kwa kuwa dawati halimtoshi. Ulimsikiliza hadi mwisho, kisha ukamjibu kwa upole.

“Mwanangu hana kasoro, mwalimu. Dawati ndilo dogo.”

Juma lile lile ukaanza kumtafutia kocha, na ukampata wa kurusha tufe.

Kwa hiyo Nguzo alipoingia fainali ya ubingwa wa dunia, nani angekuzuia kwenda? Miguu yako ilikuwa imeshaanza kuvimba, na daktari alikuwa amekukataza ngazi. Ulimwambia ngazi za uwanjani si ngazi. Kaka akakushika mkono huu, Baba ule, mkapanda mkipumzika hadi kwenye viti vyetu vya kona, mbali na mstari wa kumalizia mbio lakini mbele kabisa ya duara la tufe.

Jioni haikumwendea vizuri. Mara mbili alikanyaga nje, bendera nyekundu ikapanda. Ilipofika zamu ya mwisho alikuwa wa nne, amebakiwa na mrusho mmoja. Akaingia kwenye duara, na papo hapo kengele ya mzunguko wa mwisho wa mbio ndefu ikalia. Uwanja mzima ukainuka, ukageukia upande wa pili, kelele za kupasua masikio. Nawe uliinuka, miguu ile ile, lakini hukugeuka.

Bwana mmoja nyuma yetu akakugusa bega, akakwambia mbio ziko kule.

“Wenu yuko huko, baba,” ulisema bila kumtazama. “Wangu yuko hapa.”

Ukaita jina lake kwa nguvu zako zote. Nguzo anasema hakulisikia. Ila aliinua macho akaona nyuso zote za jukwaa zimegeukia pembeni, isipokuwa zetu sisi wachache, na wako mbele. Akainama, akazunguka, akaliachia. Tufe likatua mbele ya alama ya wa tatu, na bendera nyeupe ikapanda.

Bado yule wa tatu alikuwa na nafasi ya kujibu. Ulikataa kukaa. Ulimkamata Baba mkono hadi vidole vyake vikafa ganzi. Yule dada alirusha, likaanguka nyuma kidogo, na mtoto wako akawa na medali ya shaba. Bwana wa nyuma, mbio zake zimeisha, akauliza kumetokea nini. Ukamwambia, “Pole, baba, umekosa.” Akacheka, akampigia Nguzo makofi kuliko sisi.

Nguzo alikuja hadi kwenye uzio, shingo nyeupe kwa chaki wanayojipaka warusha tufe. Mbele ya kamera zote ukavuta mkono wa nguo yako, ukamfuta, ukimwambia asimame vizuri anapigwa picha. Naye, wa tatu duniani, akainamisha shingo afutwe.

Hukukaa nasi sana baada ya hapo. Hospitalini hapakuwa na muuguzi ambaye hukumvisha medali ile.

Baba, mtu wa maneno machache, siku hizi mteja akileta saa itengenezwe husimuliwa kwanza jioni ile. Saa husubiri. Humaliza hivi kila mara: “Watu wote walitazama mbio. Mke wangu alitazama mtoto.”

Tunaokukumbuka ni mumeo, fundi saa, binti yako mkubwa, wa tanuri, mwanao dereva, Nguzo wako, wakwe na wajukuu zako, na jirani yako Mama Pacha.

Hutatutoka moyoni, Mama, maadamu tupo.