Salamu kwa Bibi Mawimbi

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimetoka shifti ya makao ya wazee mgongo hoi. Basi la kutoka Edmonton likakwama kwenye foleni. Nikala ndizi mbili, nikaziita chakula cha mchana. Walthamstow sokoni hapapitiki siku ya leo. Chumba chetu cha kurekodia kipindi kiko juu ya duka la vitambaa: meza moja, maikrofoni mbili, mablanketi tumeyapigilia ukutani ili sauti isigonge. Njeri, anayeendesha mitambo, alishafika na alishanuna. Nimechelewa dakika nne. Yeye ni nesi, dakika nne kwake ni jambo kubwa.

Salamu ishirini na tatu leo. Wanawake wanaopenda wanawake, kutoka Leeds, Berlin, Nairobi, na mmoja wa Dodoma anayejiita Asiyetajika. Wanajaza kadi kama zile za redio za nyumbani: jina la kujitungia, mahali, orodha ya unaowasalimu. Zuhura wangu ndiye anayezichora, na ndiye anayepandisha kipindi mtandaoni. Mimi nasoma, kwa jina la Dada Tausi.

Wazo nililitoa kwa mama. Miaka thelathini anatuma salamu redioni. Bibi Mawimbi wa Kihonda, Morogoro. Huanza na wagonjwa walioko hospitalini, kisha madereva walioko safarini, na siku zote humalizia na yule ambaye redio yake haishiki vizuri. Nikiwa mdogo nilimsomea kadi zake kwa sauti kabla hazijapelekwa posta. "Polepole," angesema. "Unakimbilia wapi?"

Hajazungumza nami tangu nilipomwambia kuhusu Zuhura. Miaka mitatu na ushei.

Mwisho wa kipindi mtangazaji naye hutuma zake, ndiyo desturi. Nikasema, "Na mimi namsalimu mama yangu, Bibi Mawimbi wa Kihonda." Ilinitoka hivyo hivyo, jina na mahali, kama zinavyotumwa salamu. Njeri akanitazama. Akaweka wimbo.

Jumapili, 5 Oktoba

Ningemwambia Zuhura akate kile kipande kabla hajapandisha. Sikumwambia. Nilitaka mama asikie, basi. Nimefua nguo zote za nyumba hii, hata zilizokuwa safi.

Jumatano, 8 Oktoba

Upendo kapiga nikiwa namlisha bibi wa chumba namba sita. Mdogo wangu hapigi siku za kazi. Nikajua.

Klipu imefika kwenye kundi la WhatsApp la klabu ya watuma salamu ya mama. Hakuna aliyekosa kusikia ni kipindi cha akina nani. "Dada, ungemtaja hata kwa jina lake la ubatizo, nani angemjua? Umemtaja kwa lile ambalo nchi nzima inalijua!"

Kweli. Mawazo yangu yote ya kuficha majina, kujiita Tausi, kuwafundisha wenzangu tahadhari, halafu mimi mwenyewe nikatoa jina la redio nikidhani ni pazia.

Mama ni katibu wa klabu. Alikuwa. Wamemwomba apumzike. Nikauliza anasemaje. Hasemi. Kazima redio tangu juzi na haigusi. Redio ya jikoni kwetu sijawahi kuisikia imezimwa, hata siku tuliyomzika baba ilikuwa inanong'ona.

Nimejichukia kutwa nzima.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kikao. Watatu tu, na mabango ya maandamano yetu ya Julai ya kudai haki bado yameegemea ukuta, rangi aliyoipaka Zuhura inabanduka.

Nikaomba kile kipande kifutwe. Njeri hakutaka. "Pole sana, my dear, lakini kila mtu hapa ako na mum. Tukifuta moja tutafuta zote, na si tulianza hii kitu ndiyo tuache kujificha?"

Zuhura hapandishi sauti kamwe. Leo kapandisha. "Wewe jifichue upendavyo. Mamake mtu si bango, Njeri."

Mimi niliyeleta hoja nikawaachia wabishane. Aibu yangu ni hii: nusu yangu ilikuwa upande wa Njeri. Nilitaka jina la mama libaki pale karibu na sauti yangu, hata kama linamuumiza.

Tumekata. Sekunde sita. Haisaidii, watu wanayo tayari kwenye simu zao. Kanuni mpya: hakuna kumtaja mtu kwa jina la salamu bila ruhusa yake. Njeri kaiandika kwa herufi kubwa na kuibandika mbele ya kiti changu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimesoma kumi na tisa. Zangu sikutuma.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa za huku zimerudishwa nyuma kwa majira ya baridi. Sasa Morogoro imetutangulia saa tatu badala ya mbili. Nikianza kusoma saa tisa, kule ni saa kumi na mbili, jua linazama, mama kashabandika wali. Zamani ningemkuta bado anachambua mchele. Najua ni ujinga kuumia kwa ajili ya hili. Nimeumia.

Naitamani jikoni ile. Mkaa, vitunguu, betri za redio zimepangwa dirishani zipigwe na jua ili zipate nguvu kidogo. Namtamani yeye, na kelele zake kwangu.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepiga kwa Upendo nikijua yuko kwa mama. Nikasikia sauti nyuma: "Mwambie nipo jikoni." Basi. Nimeyarudia kichwani kwenye basi, kwenye ngazi, nikimbadilisha bibi wa namba sita shuka. Hayana hata ukali. Nyuma yake kimya, hakuna redio.

Jioni nikamtazama Zuhura anakata karoti na nikawaza: nisingekutana na wewe, mama angekuwa na klabu yake. Sikulisema. Akaliona. Akaweka kisu chini, akachukua kalamu zake, akaenda kuchora chumbani mlango umefungwa. Nilikula peke yangu.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimemwomba Zuhura msamaha. Kasema amenisamehe, lakini nisimtazame vile tena. Miaka minane na huyu mtu. Mamake mwenyewe Mombasa humtumia ujumbe wa sauti kila Ijumaa, anamuuliza ataolewa lini, naye hujibu inshallah na kurudi kuchora. Sijawahi kumuuliza kama inamchoma. Leo nimemuuliza. Kasema kila Ijumaa.

Jumamosi, 15 Novemba

Niandike hili polepole.

Wanaotuma kutoka mbali hupiga picha kadi zao na kuzituma kwenye simu ya kipindi. Njeri huchapa picha, hupanga mafungu, hunikabidhi. Sizipitii kabla, napenda kuzisoma kama zinavyofika. Ya saba haikuwa kadi ya Zuhura. Karatasi ya daftari, mistari imechorwa kwa rula ifanane na kadi, wino wa bluu. Mtumaji: Msikilizaji. Mahali: Jikoni.

"Nawasalimu wagonjwa wote walioko hospitalini na wanaowauguza." Nikasoma vizuri tu, wengi huanza hivyo. "Nawasalimu madereva wote walioko safarini." Hapo nikautazama mwandiko. Ile herufi ya K yenye mkia. Nimekua naiangalia.

"Namsalimu mtangazaji Dada Tausi, asome polepole, anakimbilia wapi?"

Nikaurudia mstari kwa macho. Njeri akanyoosha mkono kwenda kwenye kitufe cha wimbo. Nikamkatalia kwa kichwa.

"Namsalimu na mchora kadi. Namalizia na yule ambaye redio yake haishiki vizuri."

Nikasema, "Ahsante, Msikilizaji, salamu zimefika," kama ninavyowaambia wote. Nikachukua ya nane. Sijui ilitoka wapi wala ilimsalimu nani.

Kipindi kilipoisha Zuhura akaichukua ile karatasi na kuisoma amesimama. Akarudia mstari wake mara mbili kwa kidole. Njeri akasema ana kitu jichoni na akashuka kununua chai ambayo hakurudi nayo.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua. Sina shifti. Upendo kaandika: mama kaanika betri dirishani. Hajui kitu kuhusu kadi, au kaagizwa asijue. Sikumwambia.

Nimeifikiria usiku na asubuhi. Klabu haimtaki, redio za huko hazitapata tena kadi ya Bibi Mawimbi, na mtu aliyetuma salamu miaka thelathini lazima azitume mahali. Labda ni hilo tu. Labda tumebaki sisi. Hajaniita mwanangu. Hajaniita Neema. Kanisalimu kama anavyosalimiwa mtangazaji yeyote, na natamani zaidi, natamani hadi kifua kinauma. Lakini kasikiliza. Kajua nakimbia.

Karatasi iko ukutani juu ya meza, karibu na dirisha. Nimechukua kadi tupu ya Zuhura, ile yenye majani pembeni. Mtumaji: Dada Tausi. Mahali: Edmonton. Nikaandika wagonjwa. Nikaandika madereva. Nikaandika Msikilizaji, Jikoni, bila jina lingine. Nikaisoma kwa sauti kujaribu.

"Bado wenda mbio," Zuhura akasema kutoka jikoni.

Nikaanza upya.