Herufi M na Mistari ya Kijani

Jumatatu, 9 Oktoba 1989

Hilaire, mpwa wa directeur wetu, amefika kutoka Kinshasa na disketi sita. Système mpya ya kompyuta! Ameiingiza kwenye ordinateur yangu bila hata kuniuliza. Ndiyo, yangu. Miaka miwili nakaa mbele yake peke yangu, natengeneza mchoro wa maji ya mto. Kila Ijumaa unabandikwa bandarini na watu wa mitumbwi wa Isangi wanakuja kuusoma.

Saa nane akaiwasha. Kioo kizima mistari ya kijani, inakimbia kwenda juu. Herufi hata moja hakuna. Hilaire akakohoa, kisha akamwambia mjomba wake kwamba tantine, ndivyo anavyoniita, aligusa waya. Mimi! Wakati huo nilikuwa chumba cha daktilo, cha wapiga chapa, nakula chikwange na mwenzangu Clémence!

Jumanne, 10 Oktoba

Directeur Lukumani ameniita. Abakosti imepigwa pasi, uso umekunjwa. "Bon, citoyenne Nyota. Mupaka Ijumaa. Picha ikikosa kurudia, utarudia ku daktilo, na Hilaire atakamata hii kiti." Nikasema nimesikia. Sikusema nimekubali.

Nimesoma kitabu chote cha système mpya. Inadhani kioo chetu ni cha rangi – kumbe ni cha kijani tupu, maskini! Dawa ni amri moja: mode mono. Unaiandika kila unapowasha, basi. Lakini nitaandikaje bila kuona? Ha! Nilikuwa daktilo miaka kumi na moja. Vidole vyangu havihitaji macho.

Nimeandika mara ishirini. Mistari tu.

Jumatano, 11 Oktoba

Umeme hakuna. Nimemkuta Hilaire amekaa kwenye kiti changu, anakizungusha. Nimemtoa.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mistari bado. Clémence ananihurumia. "Yaya, dada yangu, omba tu pardon. Hilaire iko mutoto ya dada ya directeur." Pardon ya nini? Nilimfokea, na sasa naona haya, maana ndiye rafiki pekee niliye naye pale. Naogopa, nikiri. Kiti kile sikupewa na mjomba. Lakini pardon – jamais!

Ijumaa, 13 Oktoba

Saa mbili asubuhi. NIMEIPATA! Nilikumbuka imprimante. Ukibonyeza Control na P, kila unachoandika kwenye kioo nayo inakichapa. Nikaandika amri yangu bila kuona, kama Jumanne. Karatasi ikatoka: ;ode ;ono.

M hakuna! Système mpya imekuja inadhani klaviye, vitufe vyenyewe, ni ya Wamarekani. Yetu ni ya Kifaransa. M yao iko pale penye koma yetu! Nikabonyeza koma, ode, nafasi, koma, ono. Kioo kikatulia, herufi zikatokea. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Saa nne. Directeur ameuona mchoro kwenye kioo, mstari mzuri, maji yameshuka. Amefurahi kabisa. Halafu akasema très bien, sasa nimwandikie Hilaire ile amri kwenye karatasi, yeye ndiye ataendelea. Dada yake, mama wa Hilaire, ameshaahidiwa.

 Nikachukua karatasi. Nikaandika kwa herufi kubwa, safi: MODE MONO. Hakuna uongo hata kidogo; koma tu sikuitaja. Kisha nikazima mashini, nikasimama. Mchoro nilikuwa sijauchapa.

Saa tano. Niko kwa Clémence, chumba cha daktilo, mlango wazi, naandika haya magotini. Hilaire amewasha. Mistari. Anaandika kwa kidole kimoja, anatafuta kila herufi. Mjomba amesimama nyuma yake na karatasi yangu, anamsomea. Wameanza upya mara nne. Watu wa Isangi wako nje, wanauliza mchoro uko wapi.

Directeur ameita kutoka kule: "Citoyenne! Uliandika muzuri kweli?"

"Muzuri kabisa, citoyen directeur. Aanze na M."

Clémence ananiangalia. Hajui kitu, lakini amenimiminia chai ya pili. Sasa directeur mwenyewe amevuta kiti. Ameinama. Anabonyeza M. Mistari.